Neno "run" tulitafsirije kwa Kiswahili?

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia, na neno la Kiingereza "run" limenitoa jasho, kwa sababu mahali pamoja linahusu maji ya bomba, pengine mota, na ukurasa unaofuata linahusu rangi ya nguo. Programu ya tafsiri imeniandikia "acha bomba likimbie kwa dakika mbili", nami nikacheka peke yangu. Je, liko neno moja linaloweza kubeba maana hizo zote?

Binti Pwani:
Haliko, na usijisumbue kulitafuta. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno hilo walifikisha maana 645 za kitenzi peke yake, kazi iliyomchukua mmoja wao, Peter Gilliver, takribani miezi 9. Tazama kwanza ni kitu gani kinachotajwa, kisha ujiulize Mswahili husemaje kitu hicho kinapofanya jambo hilo. Maji hutiririka, kwa hiyo andika "fungulia bomba, uache maji yatiririke kwa dakika mbili", mota huzunguka, nguo huchuja rangi. Ukikutana na pua katika karatasi ya dawa, haikimbii hata kidogo, bali mgonjwa anatokwa na kamasi.

Mzee wa Kamusi:
Binti Pwani amesema kweli, ila tusiwacheke sana Waingereza, kwa kuwa hata wao hawapatani na Wamarekani: Mmarekani anayetaka urais "hukimbia", Mwingereza anayetaka ubunge "husimama", na sisi hugombea, kitenzi chenye undugu na ugomvi, ambacho kwa maoni yangu kinausema ukweli kuliko vyote viwili. Nasi tunacho "kwenda", ambacho mgeni anayejifunza lugha yetu hukilalamikia vivyo hivyo, maana saa inakwenda, biashara haiendi, na mambo huenda mrama, usemi uliotoka kwa mabaharia, chombo kinapoyumba baharini.

Mwanagenzi:
Shikamoo Mzee, nawashukuru nyote. Nimesahihisha kurasa zote, isipokuwa onyo lililo karibu na kitufe cha kuwashia, linalokataza mashine "kukimbia" ikiwa tupu.

Binti Pwani:
Andika: "Usiwashe mashine bila nguo ndani."