Mtego, gundi, sumu au paka: kipi kinamaliza panya ndani ya nyumba?

MpangajiMpya:
Habari zenu wakuu. Panya wamehamia kwangu. Usiku ni mbio juu ya dari, asubuhi nakuta mfuko wa unga umetobolewa pembeni na mavi yamejaa nyuma ya jiko. Nina mtoto anayetambaa. Niko njia panda kati ya mtego wa springi, gundi, sumu na paka. Na hivi vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotoa mlio tusiousikia, vina kazi yoyote? Waliotumia waseme ukweli.

FundiDari:
Kabla hujanunua chochote, kayaangalie hayo mavi. Yakiwa ya milimita 3 hadi 6 na ncha zimechongoka, hao ni panya wadogo. Yakifika sentimita moja na kuendelea, una panya wakubwa na mambo yanabadilika. Mdogo ni mdadisi, kitu kipya anakiendea usiku uleule. Mkubwa ni mwoga wa kitu kigeni, mtego anaweza kuuzunguka siku kadhaa bila kuugusa, halafu watu wanasema "panya wa huku wana akili". Uweke na chambo bila kuutega, azoee kula, ndipo utege.

Mimi kura yangu ni mtego wa springi. Uweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukiuelekea ukuta, maana panya hupita akijisugua hapo. Chambo kiwe kidogo, siagi ya karanga iliyopakwa inatosha. Ukiweka donge kubwa analamba pembeni na kuondoka zake. Na usitege mmoja, tega mingi kwa mpigo.

MamaPacha:
Sumu na mtoto anayetambaa? Hapana, ndugu yangu. Sumu nyingi za panya, kama bromadioloni na brodifakumu, huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale, anamaliza siku kadhaa akizurura, kisha anafia ndani ya dari usikofika mkono. Hiyo harufu utaisimulia. Na paka akimla panya huyo, naye yumo hatarini.

Mtoto akigusa au kula, nenda hospitali hata kama anacheza vizuri, na ubebe pakiti. Hizo za kuzuia damu kuganda zina tiba, vitamini K1, lakini kuna nyingine ambazo K1 haizisaidii kitu. Daktari lazima ajue ni ipi.

Kibogoyo:
Mimi nina paka. Panya wakipita anageuza shingo, anaendelea kulala. 😂

FundiDari:
@Kibogoyo usimlaumu. Kuna utafiti ulitoka 2018, watu walifunga kamera kwenye kituo cha taka New York kilichojaa panya wakubwa na paka wa mitaani. Kwa siku 79 paka waliua panya wawili tu. Panya mdogo paka anamweza. Lile dume la kwenye mtaro anaona bora wagawane mtaa.

NyotaNjema:
Gundi mimi naipinga. Panya ananaswa akiwa hai, analia usiku kucha, anakojoa na kunya hapohapo, na mwisho wewe ndiye wa kummalizia. England imewakataza watu wa kawaida kuitumia tangu Julai 2024. Vile vya mlio usipoteze hela: sauti ile haipenyi ukuta wala kabati, na panya wakishaizoea wanaipuuza. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilishawaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 mwaka 2001 wathibitishe madai yao.

Mavi usifagie makavu, vumbi lake lina magonjwa. Vaa glavu, lowesha kwa maji ya klorini, subiri dakika 5, futa kwa karatasi.

MpangajiMpya:
Asanteni. Nimekwenda kuyapima, ni madogo. Basi mtego. Ila mtoto na springi je?

MamaPacha:
Uweke ndani ya boksi gumu lenye tundu dogo pande mbili, ulisukume nyuma ya jiko mkono wake usikofika. Unga hamishia kwenye chombo cha bati au kioo chenye kifuniko.

FundiDari:
Halafu tundu. Hapa ndipo wengi wanachoka mapema. Panya mdogo anapita penye upenyo wa milimita 6 tu, na jike hubeba mimba siku 20 hivi, kwa hiyo ukiua bila kuziba unawapisha wengine. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, hawa wako wala hawahitaji kuchimba. Kagua bomba la sinki linapoingia ukutani na chini ya mlango. Ukiona alama nyeusi ya mafuta ukutani, hiyo ni njia yao. Shindilia waya laini wa kusugulia sufuria kisha piga sementi juu. Povu la kuzibia peke yake wanalitafuna.

MpangajiMpya:
Bomba la sinki lina uwazi wa kidole kizima. Na alama nyeusi ipo.

FundiDari:
Umewapata. Nyunyiza unga kidogo hapo usiku, asubuhi usome nyayo. Mtego wa kwanza uweke hapohapo, na kuziba kufuate wakiacha kunaswa, usije ukawafungia ndani.