Mdogo wangu kaachishwa kazi kisa VVU, barua inasema "kupunguza wafanyakazi"

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Mdogo wangu alikuwa mpishi kwenye hoteli moja hapa Dar. Juzi kati wafanyakazi wa jikoni walipelekwa kupima afya, ule utaratibu wa kawaida wa wanaoshika chakula. Damu yake ikapimwa na VVU, hakuulizwa, hakupewa ushauri nasaha. Majibu yakaenda moja kwa moja kwa afisa utumishi! Haikupita wiki kikombe chake cha chai kikaanza kuwekwa peke yake dirishani. Akahamishiwa stoo. Mwisho wa mwezi, barua: kampuni inapunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi. Jiko zima kapunguzwa yeye tu, na nafasi yake imeshatangazwa.

Dogo hali yake anaijua miaka mingi. Anameza kidonge chake kila usiku, na kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu. Mtu wa hivyo hamwambukizi hata mkewe kitandani, sembuse mteja kwa sahani ya pilau? Tangu lini VVU vikapita kwenye chakula?

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima na kutoa siri ya majibu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja VVU waziwazi kwenye mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Hawa wanazijua, ndiyo maana kwenye barua hamna neno VVU.

Najua mtasema aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Ataenda, na zile siku 30 za kufungua shauri zinakimbia. Ila akidai ubaguzi, itabidi aitaje hali yake mbele ya watu wasiomhusu, na ukweni hawajui. Kwa hiyo tunafikiria tupite kifungu cha 38 cha hiyo Sheria ya Ajira: mwajiri anayepunguza watu lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi. Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Inaniuma kwamba ili apate haki yake lazima naye akae kimya kuhusu sababu yenyewe.

Aliyewahi kupita njia hii, au mwanasheria wa kazi, aniambie: tangazo la nafasi yake linafaa kama ushahidi? Na ile maabara tunaishtaki wapi? Maana nayo lazima ijibu nani aliituma kupima VVU.