Nyoka mla panya mgeni amegoma kula: kasoro iko wapi kwenye makazi yake?

Mgeni wa Magamba
Salaam wakuu. Wiki iliyopita nilianza kufuga nyoka mla panya mweusi (Pantherophis obsoletus), aliyezaliwa kwa mfugaji, ambaye kwa kukadiria ana urefu wa sentimita 60. Nimemweka kwenye tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, kwa kuwa akikomaa anaweza kupita mita moja na nusu na sikutaka kumhamishahamisha. Chini ya tangi, upande mmoja, kuna mkeka wa joto wa umeme. Ndani nimetandika magazeti, nikaweka bakuli la maji na pango moja katikati. Panya niliyempa, wa kugandishwa na kuyeyushwa, hakumgusa. Mchana kutwa hujibana kwenye pembe nyuma ya bakuli, na kila nikifungua mfuniko hujikunja shingo na kutikisa mkia kwa kasi hadi magazeti yanachakarika. Aliyeniuzia alisema mkeka huo hauhitaji themostati (kifaa cha kudhibiti joto). Je, tangi ni kubwa mno, chakula hakimfai, au nimpe muda tu?

Mlezi wa Watambaao
Karibu mkuu. Kutikisa mkia kusikutie hofu. Nyoka huyu hana sumu, na hiyo ndiyo njia yake ya kukuambia usogee. Nianze na themostati, kwa sababu hapo ushauri uliopewa ni wa hatari. Mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzi 40 za Selisiasi, na nyoka anayelala juu yake akitafuta usalama anaweza kuungua tumbo. Uchomoe leo hii hadi upate themostati. Maadamu chumba hakishuki chini ya nyuzi 21, siku chache bila mkeka hazitamdhuru.

Ukishaipata, lenga nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto na 22 hadi 25 upande wa baridi, na upime pale pale anapolalia kwa kipimajoto chenye waya, kwani vile vya kubandika ukutani husoma joto la kioo tu. Nyoka hutegemea joto la nje kumeng'enya chakula. Akikosa mahali penye joto la kutosha, kukataa kula ni busara, maana panya angemuozea tumboni.

Pango lako la katikati nalo linamlazimisha achague kati ya kujificha na kupata joto. Weka mawili, moja kila upande, yawe membamba kiasi kwamba akijikunja ndani mwili unagusa kuta.

Kenge Mpole
Mimi naona tatizo ni ukubwa wa tangi. Nyoka mdogo kwenye uwanja mpana hujiona yuko wazi kwa maadui. Mhamishie kwenye sanduku dogo la plastiki lenye matundu ya hewa hadi azoee kula.

Mlezi wa Watambaao
Sipingi kwamba sanduku dogo husaidia baadhi yao, lakini kumhamisha tena wakati hajatulia ni kuanza upya. Kinachomtisha ni utupu. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi nzito, jaza matawi imara yaliyolala na yaliyosimama, kwa kuwa jamii hii hupanda miti kwa ustadi mkubwa, na uongeze majani ya bandia hadi aweze kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuonekana. Magazeti yafaa kwa sasa. Baadaye ukitaka maranda, chagua ya mti wa aspeni, wala usiguse ya mwerezi au msonobari, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu kali hudhuru njia ya hewa.

Angalia pia mfuniko. Pitisha penseli kwenye ukingo wote. Inapopenya, ujue na kichwa chake kinaweza kupenya, na kichwa kikipita mwili hufuata. Funga kwa vibano, usitegemee uzito wa vitabu.

Jongoo Express
Mpe panya hai, atakula tu.

Daktari Mtulivu
Hapana. Panya hai aliyeachwa na nyoka asiye na hamu ya kula anaweza kumng'ata hadi kwenye uti wa mgongo au kumtoboa jicho. Vidonda hivyo nimevitibu, na havipendezi.

Mgeni wa Magamba
Ahsanteni sana. Themostati imefungwa, mapango ni mawili, na tangi limefunikwa pande tatu. Sasa nimeona jambo jipya: macho yake yana ukungu wa rangi ya buluu na tumbo limefifia. Ni ugonjwa?

Daktari Mtulivu
Anajiandaa kujivua gamba, na huenda ndiyo sababu nyingine ya kugoma kula, kwani wakati huu hawaoni vizuri. Usimpe chakula wala usimshike. Ukungu utatoweka, kisha baada ya siku kadhaa atajivua. Weka kisanduku chenye mlango mdogo na taulo za karatasi zilizoloweshwa na kukamuliwa, ili apate unyevu bila kulowesha tangi zima. Likitoka, likague gamba hilo: vifuniko vya macho na ncha ya mkia viwepo. Vikibaki mwilini usivibandue kwa kucha. Mrudishie kisanduku chenye unyevu, na vikikataa kutoka mpeleke kwa daktari anayejua nyoka.

Baada ya hapo mpe panya ambaye unene wake haupiti sana sehemu pana ya mwili wa nyoka. Myeyushe kwenye friji, kisha umtie ndani ya mfuko kwenye maji ya moto kiasi hadi apate joto. Maikrowevu humpika na kumpasua. Mpe jioni kwa koleo ndefu, na akisita mwache panya mbele ya pango usiku kucha, taa zikiwa zimezimwa. Akila, usimshike kwa saa 48, la sivyo anaweza kucheua, na nyoka aliyecheua hapewi chakula tena kwa siku 10 hadi 14.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni utakayomtengea yeye peke yake, na unawe mikono kwa sabuni kila ukimaliza kumhudumia, kwa kuwa watambaao hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Kugoma kula huku uzito umesimama pale pale kunavumilika. Uzito ukishuka mfululizo, akipumua kwa mdomo wazi, au ukiona vidudu vyeusi mfano wa punje za pilipili manga vikielea kwenye bakuli la maji (hao ni utitiri), hiyo ni dalili ya hatari. Katika hali yoyote kati ya hizo usingoje mlo ujao, muone daktari.