Mama anatoka wodini na nyonga bandia, choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nianzie wapi?

Binti_Kijenge

Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 63, amewekewa nyonga bandia ya kulia, mshono uko nyuma upande wa kalio. Ijumaa anaruhusiwa kuja nyumbani hapa Kijenge, Arusha, kliniki ataendelea KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Anatembea na woka, ile fremu ya chuma ya kushikilia kwa mikono miwili. Nyumbani tuko sita, na wajukuu wawili wa miaka 2 na 7 wanalala chumbani kwake. Choo ni cha nje, cha kuchuchumaa, na kutoka mlango wa jikoni kuna ngazi mbili. Mama ndiye mpishi wetu, amezoea kigoda na jiko la mkaa, na hakubali kukaa bure. Nitengeneze nini kabla ya Ijumaa?

Fizio_Rau

Marahaba binti, mpe mama pole. Anza na futikamba. Mama akiwa amevaa viatu, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kisha ongeza sentimita 5. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa cha kila kitu atakachokalia: kitanda, kiti cha kulia, choo, kiti cha kuogea. Goti likiwa juu kuliko nyonga, amekaa chini mno.

Sababu ni hii. Kwa mshono wa nyuma, misuli na ngozi ngumu inayofunika kiungo upande wa nyuma imekatwa na kushonwa. Mpaka ishike vizuri, kwa kawaida wiki 6 hadi 12 kadiri daktari wake atakavyosema, kichwa cha nyonga kinaweza kuchomoka. Kinachomokea nyuma pale paja linapokunjwa kupita pembe mraba, mguu unapovuka kwenda upande wa mwenzake, au vidole vya mguu vinapogeukia ndani. Sasa fikiria mtu aliyekaa kwenye kigoda akainama kupuliza mkaa: paja limekunjwa kupita kiasi na goti mara nyingi limeingia ndani. Kigoda kitoke jikoni kabisa, kisisogezwe pembeni tu. Akikiona atakikalia.

Kazi apewe, ila ije mezani. Kuchambua mchele kwenye ungo, kumenya ndizi, kukatakata mchicha, yote anaweza akiwa kwenye kiti kirefu chenye mikono. Kusonga ugali hapana. Sufuria iko chini, mwiko unataka nguvu, na mtu hukita mguu huku kiwiliwili kinazunguka. Kugeuka kwa namna hiyo ni hatari hata akiwa amesimama wima. Akitaka kugeuka apige hatua ndogondogo na woka mpaka mwili wote uelekee anakokwenda.

Woka yenyewe iangalieni. Akisimama wima na mikono ikining'inia, vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono. Ikiwa fupi atainama, ikiwa ndefu mabega yatapanda na yatauma. Mikono haitakuwa na nafasi ya kubeba kitu, kwa hiyo fungeni kikapu chepesi mbele, na chai iwe kwenye chupa yenye kifuniko.

Ngazi: mguu mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza. Woka ya miguu minne haifai kwenye ngazi nyembamba, miguu ya nyuma inabaki hewani. Wekeni bomba la kushikilia ukutani, na mtu asimame ngazi moja chini yake, akipanda na akishuka.

Fundi_Majengo

Hapo kwenye choo naomba nisaidie. Msikate tundu kwenye kiti cha plastiki. Wengi wanafanya hivyo, lakini ukishatoboa katikati umeondoa sehemu inayoshikilia miguu isitanuke, na kwenye sakafu yenye maji miguu ya nyuma inafunguka mtu akiwa juu yake.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea paipu ya inchi moja. Kimo ni kile alichosema Fizio, ukihesabu na kikalio kitakachokaa juu yake. Nafasi kati ya mikono iwe kama sentimita 50, na mikono yenyewe sentimita 20 hivi juu ya kikalio, kwa sababu atajisukuma nayo kuinuka. Miguu itanuke kidogo kwenda chini, kama sentimita 4 kila upande, ili kisipinduke akiegemea mkono mmoja. Kila mguu uvalishwe kofia ya mpira. Juu funga kikalio cha choo cha kawaida kwa bolti, usitumie waya.

Jambo ambalo watu hugundua baada ya siku moja: kutoka kimo hicho hadi kwenye tundu mkojo unaruka. Chukua ndoo ya lita 10, kata kitako chake, uining'inize chini ya kikalio iwe kama mrija mpana. Usiku toa hiyo, weka ndoo nzima, na kiti hichohicho kiingie chumbani. Asitoke nje gizani, hasa masika.

Nesi_Wodi

Pole kwa uuguzi, mdogo wangu. Nianze na kuchua, maana nyumba nyingi za huku kwetu ndugu watakuja na mafuta na maji ya moto wakiwa na nia njema kabisa. Shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, lisichuliwe. Baada ya upasuaji wa nyonga damu huweza kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na kulisugua kunaweza kung'oa bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Nyonga nayo isikandwe kwa maji ya moto. Kama imevimba na inauma, barafu iliyofungwa kwenye khanga, dakika 15 hadi 20, kisha apumzike amelala chali mguu ukiwa juu ya mto.

Kama amepewa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, mara nyingi zinaendelea hadi siku 35. Msiziache kwa kuwa anatembea vizuri. Leo kulia, kesho kushoto, mbali na kitovu. Finya ngozi ipande, choma wima, achia ukishatoa sindano, na usisugue. Kiputo cha hewa kilichomo kwenye sindano iliyojazwa tayari kiwandani kiacheni, msikitoe. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, juu kabisa, mjukuu wa miaka 2 asifike. Na asiongezewe diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa bila daktari kujua. Ikichanganyika na dawa hizo hatari ya kuvuja damu tumboni inapanda.

Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na 14. Mpaka hapo mshono ubaki mkavu. Ndoo ya kuogea iwe juu ya stuli, achote bila kuinama.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, mshono ukianza kutoa maji au usaha, au homa ikipita 38. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, msisubiri hata saa moja. Na akisikia maumivu makali ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka, msimwinue wala kuuvuta. Abaki alipo, mtafute gari la wagonjwa.

Binti_Kijenge

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepima: goti ni 43. Kochi ni 38. Kitanda ni 52, lakini mtu akikaa godoro linazama hadi 46. Mama anaswali swala tano na ameshauliza habari ya sujudi. Na kuja huku tutumie bajaji au gari?

Fizio_Rau

Kwa hiyo kimo chako ni 48. Kochi asilikalie kabisa. Hata ukiongeza mito, inazama na kumtumbukiza nyuma. Kitanda umepima vizuri, wengi wanapima bila mtu. Weka plaiwudi chini ya godoro lisizame sana, kisha upime tena akikaa mtu mwenye uzito kama wake. Ikibaki chini ya 48 ndipo utie vigogo miguuni mwa kitanda, vichimbwe kidogo katikati ili miguu isiteleze. Usiku mto mgumu ukae katikati ya mapaja. Mjukuu mdogo ahamie chumba kingine kwa sasa. Akitaka kupakatwa, bibi akae kwanza kitini, mtu mzima amweke upande wa kushoto. Kumwinua kutoka sakafuni au kumbeba mgongoni, hapana.

Swala aswali kwenye kiti. Rukuu ainamishe kichwa na mabega, sujudi azidishe kidogo tu, viganja visiteremke kupita magoti. Kwenye udhu shida ni miguu: asijikunje kuifikia, mtu ammiminie na kumsugulia.

Gari, kiti cha mbele, kimesukumwa nyuma na mgongo wake umelazwa. Tandikeni kiroba kikavu juu ya mto mgumu ili ateleze. Anakaa kwanza akiupa mlango uso, anajisogeza nyuma, ndipo miguu yote miwili inaingia pamoja, wewe ukiushika wa kulia. Njiani simameni Bomang'ombe ashuke atembee dakika tano. Akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 20, na nyumbani afanye hivyo kila saa akiwa macho. Bajaji haifai, kiti hakina nafasi ya kunyoosha mguu.

Nesi_Wodi

Ongeza viatu. Kandambili zote zitoke chumbani kwake, avae vyenye kisigino kilichofungwa nyuma. Na mkeka ulio mlangoni ukunjwe leo, usisubiri Ijumaa.