Naomba ushauri: naenda Cusco mwezi wa nane

Wakuu, habari zenu. Kwa mliowahi kufika Peru, nina mambo mawili yananitatiza.

Kwanza vitambaa. Nataka kununua huko Chinchero, mji mdogo karibu na Cusco, kwa akina mama wanaofuma kwa mkono. Wekundu wa vitambaa vyao unatokana na cochinilla, kidudu cha kwenye mpungate: kikisagwa kiganjani kinatoa rangi kama damu, ukikamulia ndimu inageuka ya machungwa. Hapo ndipo nilipopendea. Ila masokoni nyuzi za kiwandani nazo huuzwa kwa jina la alpaka, yaani sufu ya mnyama wa huko wa jamii ya ngamia. Mnazitofautishaje? Na kuomba kupunguziwa bei ni sawa, au ni kumdhulumu mtu aliyefuma wiki kadhaa?

Pili, Agosti ndiyo mwezi wa kumtolea sadaka Pachamama, Mama Ardhi. Wenyeji hupanga majani ya koka matatu matatu, mafuta ya llama (mnyama anayefanana na alpaka) na peremende kwenye karatasi, kisha hufunga na kuchoma au kufukia. Mimi Mwislamu, sitashiriki. Nikialikwa, naweza kukaa pembeni nikatazama, au nitawavunjia heshima wenyeji? Maonyesho ya kitalii siyataki kabisa.

Halafu ile chai ya koka, kule Cusco mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, inasaidia kweli kupunguza maradhi ya mwinuko?