MREJESHO: Nyanya aliyevunjika nyonga, Kisumu

Habari zenu. Mwezi wa tatu niliuliza kama nyanya yangu wa miaka 84, mwenye presha na moyo dhaifu, apasuliwe nyonga au alazwe tu mguu ukivutwa kwa uzito. Wengi mlisema apasuliwe haraka, kitanda ndicho kitakachommaliza. Asanteni sana.

Mlisema apasuliwe ndani ya siku mbili. Sisi zilikwisha sita tukitafuta hela, damu na nafasi ya thieta. Kidonda cha mgongoni kilianza hapo, na hadi leo tunakisafisha.

Alibadilishiwa kichwa cha mfupa wa paja, akawekewa cha chuma. Kesho yake wakamketisha kitini, akatutukana wote kwa Kijaluo, tukajua bado yupo.

Usiku alichanganyikiwa, akimwita marehemu babu. Uliyeshauri tumpelekee miwani yake na mtu wa nyumbani akeshe naye, ubarikiwe. Usiku wa tatu alitulia.

Sasa anafika jikoni na woka, ile fremu ya kushikilia akitembea. Choo cha nje bado anasindikizwa. Vidonge vya mifupa vilimchoma tumbo. Kliniki ijayo tutaomba vingine. Mikeka yote nimeondoa asijikwae, ingawa amenuna.