Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya kusini: Mikindani, Newala, Ndanda au Kilwa kwa anayetafuta ngoma na sanaa?

Mjukuu wa Kitangari (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mungu akijalia, mwaka huu tutateremka kusini tukitokea Mwanza, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa kike mwenye miaka 14 na wa kiume mwenye miaka 9. Tutafika Mtwara mjini tarehe 26 Desemba jioni na kuondoka tarehe 2 Januari alfajiri, na kaka yangu ametuahidi gari lake kwa siku zote hizo.

Marehemu bibi yangu alikuwa Mmakonde wa Kitangari, kule Newala, mwenye nembo za chale mashavuni, na nyimbo alizotuimbia tukiwa tunabangua korosho bado ninazikumbuka. Watoto wangu hawakumkuta. Ngoma za kwao wameziona kwenye mashindano ya shule peke yake. Mwaka juzi, tulipokuja kwa siku tatu, tulilipia usiku wa utamaduni katika hoteli moja ya pwani, ambako vijana walicheza sindimba kwa muda wa kama dakika kumi na tano wakifuata muziki uliotoka kwenye spika, huku ngoma zenyewe zikiwa zimepangwa pembeni kama mapambo. Mwanangu wa kiume akaniuliza kwa nini hazipigwi, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kulinganisha. Nimefikiria kubaki Mtwara mjini na Mikindani, kupanda uwandani, yaani uwanda wa juu wa Makonde, hadi Newala, kwenda Ndanda na Masasi kusikiliza kwaya, au kuelekea Lindi na kuendelea hadi Kilwa. Yote hayataingia katika siku sita. Ninyi mngechagua nini?

Mkazi wa Shangani

Karibu nyumbani, dada. Mimi ningekushauri uifanye Mtwara mjini kuwa kituo chako. Mikindani iko umbali wa kilomita kama kumi tu, mnaweza kwenda kwa bajaji asubuhi na kurudi jioni, na kwa watoto wa umri huo ni darasa la wazi: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo limekarabatiwa, na bandari ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Sikukuu za mwisho wa mwaka vijana hujaa ufukweni hapa Shangani, na wengine huvuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, ambako kuna muziki mpaka usiku.

Nikubali, hata hivyo, kwamba muziki huo wa ufukweni ni ule ule mtakaousikia Mwanza, yaani singeli na bongo fleva. Ukiutaka kwa ajili ya furaha ya watoto, upo. Ukitafuta ngoma za bibi, hapo hutazikuta.

Ninalo neno moja kuhusu jukwaa. Usiichukie kabisa ngoma ya jukwaani kwa sababu ya hoteli ile. Nilihudhuria tamasha la MaKuYa katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, lile ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, na vikundi vilivyopanda jukwaani siku hiyo vilitoka vijijini na wapigaji wao, wazee wao na mavazi yao. Tatizo lako lilikuwa spika, dada yangu, wala halikuwa jukwaa.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Naomba niitetee Ndanda, kwa kuwa wengi huipita wakiwa ndani ya basi bila kugeuza shingo. Misheni ya Wabenediktini ilihamia hapo mwaka 1906, baada ya ile ya Lukuledi kuharibiwa katika vita vya Majimaji, na kwa zaidi ya miaka mia moja uimbaji umekuwa sehemu ya maisha ya mji ule. Ukifika tarehe 26 utakuwa umekosa mkesha wa Krismasi, lakini Jumapili inayofuata Krismasi na mkesha wa Mwaka Mpya zingali mbele yako.

Masasi nako kuna historia ambayo mama mwenye binti wa miaka 14 huenda akaipenda. Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hakupiga marufuku jando kama walivyofanya wamisionari wengi wa wakati wake. Aliliingiza ndani ya Kanisa, likawa na sala na mapadri, na mjadala kuhusu kilichopatikana na kilichopotea kwa uamuzi ule haujakoma miongoni mwa wazee wetu. Ukiongea na wazee wawili wa Masasi juu ya jambo hilo utapata majibu mawili.

Mama wa Newala

Mwanangu Mjukuu wa Kitangari, pole kwa msiba wa bibi, na karibu. Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu, nami nitasema bila kuzunguka: njoo uwandani. Nitakueleza sababu, na pia nitakueleza kinachoweza kukukwamisha.

Sababu ya kwanza ni msimu. Kwa kawaida yetu ya zamani, wali, yaani watoto wanaopitishwa jandoni na unyagoni, walichezwa wakati wa kiangazi baada ya mavuno, kabla ya mvua. Siku hizi kalenda ya shule ndiyo inayoamua, na kwa kuwa Desemba shule zimefungwa na malipo ya korosho za mnadani yameanza kufika mikononi mwa watu, wapo wanaofanya sherehe zao katika wiki hizo, iwe ni kuwatoa wali, iwe ni harusi. Ngoma inayopigwa hapo ina mwenyewe. Kuna mtoto anayetolewa, kuna somo wake aliyemfunda, kuna shangazi waliotoka Tandahimba tangu jana, na mchezaji anapokosea kuna mama mmoja pembeni anayeguna kwa sauti mpaka arekebishe. Mgeni utasimama nyuma, hutatangaziwa chochote kwa kipaza sauti, na utaona zaidi ya ulivyoona hotelini.

Sababu ya pili inajibu swali la mwanao. Desemba ni mwanzo wa mvua kwetu, na ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, sauti ikawa kama ya kupiga gunia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, na tena kila baada ya nyimbo chache, wapigaji huwasha moto wa nyasi kavu. Mpigaji huchukua kinganga chake, ile ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaokitwa ardhini, akazungusha uso wake juu ya mwali kwa muda mfupi, akaugonga kwa ncha za vidole, akainamisha sikio, kisha akaurudisha motoni hadi sauti ikae mahali pake. Kwa sababu ya mvua, nyasi zenyewe huwekwa darini juu ya jiko tangu mapema ili zisiloane. Mtoto akishuhudia kazi hiyo nusu saa ataelewa kwa nini hoteli ile iliona heri kutumia spika.

Sasa vikwazo. Usije ukidhani kuna ratiba. Sherehe ya familia haiuzwi tiketi, na huenda ikasogezwa siku mbili kwa sababu mjomba hajafika. Inakubidi uwe na ndugu au mwenyeji wa kukupeleka, naye aombe ruhusa kwa wenye shughuli kabla ya wewe kufika. Mambo ya ndani ya jando na unyago si ya kutazamwa, na usiulize. Kinachowahusu wageni ni ile siku ya kutoka. Picha usipige mpaka uambiwe. Ukifurahishwa, tuza: noti ndogo mkononi mwa mchezaji au kwenye kanga iliyotandikwa inatosha, na itakuletea heshima kuliko kamera yoyote.

Kama midimu watatoka, yaani wale wachezaji wa vinyago, mwandae mdogo wako. Mchezaji hufunikwa mwili mzima asionekane hata kidole, na wengine hutembea juu ya mironjo wakipita usawa wa paa la nyumba. Watoto hukimbia wakilia, kisha hurudi wenyewe.

Fundi Mpingo

Naunga mkono maneno ya mama, ila naongeza la uchongaji, kwa kuwa mleta mada ametaja sanaa. Usije Mtwara ukitarajia mitaa iliyojaa maduka ya vinyago. Wachongaji wengi wa Kimakonde walihamia Dar es Salaam miongo mingi iliyopita kuwafuata wanunuzi, na ndiyo maana Mwenge, soko la vinyago la huko Dar, inajulikana kuliko Newala. Huku utakuta fundi mmoja mmoja, chini ya mwembe, akiwa na tezo na patasi zake, na faida yake ni kwamba utaona kazi ikizaliwa.

Vinyago vya kuchezea ngoma ni kitu kingine. Hivyo huchongwa kwa mti mwepesi ili mtu aweze kucheza navyo kichwani, wakati mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Atakayekuuzia kinyago cheusi kizito akidai kilikuwa kikichezewa midimu, muulize ni shingo ya nani iliyokibeba. Na kabla ya kununua mpingo, kisugue mgongoni kwa kitambaa kilicholowa maji. Kama kimepakwa rangi ya viatu, itabaki kwenye kitambaa. Mpingo wa kweli hautoi kitu, na mara nyingi utaona ukanda wa rangi ya maziwa pembeni, sehemu ya nje ya mti ambayo fundi mzuri huiacha makusudi.

Mwana wa Kivinje

Mimi ni wa Kilwa, na ningependa sana kuwavuta mje kwetu, lakini haki ya ulinganisho inanilazimisha niseme kwamba wiki hiyo si yetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yapo siku zote, na msikiti mkuu ambao msafiri Ibn Battuta alipita karibu nao mwaka 1331 hautahama. Muziki wetu, hata hivyo, unafuata mwezi mwandamo. Dufu, kaswida na zikri utazipata kwa ukamilifu wakati wa Maulidi, na Maulidi husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Ukija Desemba utakuta harusi, ukibahatika, na ukimya mzuri wa bahari.

Isitoshe, kuvuka kwenda Kisiwani kunahitaji kibali kutoka ofisi inayosimamia magofu pale Kilwa Masoko, na ofisi siku za sikukuu mnazijua. Panga kuja mwaka mwingine, kwa ajili ya Maulidi yenyewe, mkae siku nne.

Mjukuu wa Kitangari (mleta mada)

Nawashukuru wote kwa dhati. Mwana wa Kivinje, ukweli wako umenisaidia kuliko sifa. Kilwa nimeiondoa kwa sasa.

Mama wa Newala, shikamoo. Nina jambo moja linalonisumbua na ninaliuliza hadharani kwa sababu huenda na wengine wanalo. Binti yangu ana miaka 14 na hakuchezwa unyago. Ndugu wa uwandani wakimwona, je, watataka aingizwe? Mimi na baba yake hatujaamua hivyo, lakini pia sitaki ajisikie mgeni kwa watu wake.

Mama wa Newala

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la maana, na usione aibu kuliuliza. Wapo watakaotamani, na watasema kwa mapenzi. Jibu lao litolewe na wewe mapema, kwa simu, kwa shangazi mkubwa wa ukoo, kabla hamjafika. Mwambie kwamba mtoto anakuja kuwasalimu na kuwaona wenzake wakitoka. Neno likishapita kwa shangazi, hakuna atakayelirudia mbele ya mtoto. Mnunulie kanga jozi moja. Moja ajifunge, ya pili ampe mwali mmoja siku ya kutoka. Hapo atakuwa na nafasi yake katika shughuli bila kuwa ndani ya shughuli.

Dereva wa Mingoyo

Kwa ufupi kuhusu barabara. Lami kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni nzuri. Kuanzia hapo kuelekea Tandahimba na Newala, piga simu siku hiyo hiyo uulize, kwa maana mvua moja hubadilisha mambo. Mnaweza kwenda Newala kwa njia hiyo na kurudi kwa kuzunguka Masasi, Ndanda, Mtama na Mingoyo, ambako kuanzia Masasi ni lami, hivyo mwalimu wetu naye atapata haki yake. Kando ya barabara mtauziwa ming'oko, yaani mizizi ya porini, iliyochemshwa; nunueni iliyo moto, na ombeni chumvi yenye pilipili.

Mjukuu wa Kitangari (mleta mada)

Basi tumepanga hivi. Tarehe 27 tutakuwa Mikindani kwa ajili ya milango na boma. Tarehe 28 tutapanda Newala na kukaa hadi tarehe 31 asubuhi, bila ratiba, tukingoja shughuli ya binamu yangu itakapoangukia, na siku tupu tutawapeleka watoto kuliona bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu. Mkesha wa Mwaka Mpya tutakuwa Ndanda. Shangazi nimekwisha mpigia, akacheka, akakubali, akauliza kanga itakuwa ya rangi gani.

Mwanangu wa kiume nimemsomea habari ya moto wa nyasi. Anauliza kama ataruhusiwa kuwabebea wapigaji nyasi hizo.

Mama wa Newala

Mlete. Nyasi ziko darini kwangu juu ya jiko, na mimi siwezi tena kupanda kuzishusha. Mvalishe kaptura ambayo hutaijali ikipata masizi.